Jino la Ilhaam Lililolegea

Mtaa wa Mitchells Plain hauna Jumapili bila koesista, maandazi matamu yenye viungo. Jikoni kwa Mymoena mafuta yalikuwa yamekwisha chemka. Alizikaanga koesista, akazichovya kwenye shira, akazinyunyizia nazi. Sahani moja ilikuwa ya kwao, nyingine ya jirani yao, Washiela.

Binti yake, Ilhaam, alichukua moja akaing'ata. Mara akaidondosha mezani na kushika mdomo.

"Nini tena?" Mymoena aliuliza.

"Mama, jino linacheza!"

Mymoena alizima jiko. Ilhaam alikuwa amekwisha poswa, na nikaha ilikaribia. Ndiyo maana aliagiza kwa simu vile vifuniko angavu vya plastiki, vya kunyoosha meno. Hakuna daktari aliyemwona. Aliletewa kisanduku chenye udongo laini, akauuma hapohapo mezani ili uchukue umbo la meno yake, akaurudisha kwa posta. Mymoena mwenyewe alimshikia kioo, wote wawili wakicheka.

"Fungua nione."

Kweli, meno yalikuwa yameanza kunyooka. Lakini ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba, na jino moja la mbele lilitikisika chini ya kidole.

"Ling'oe tu, utavaa la bandia," Mymoena alisema. "Mimi ya mbele niliyang'oa yote nikiwa msichana, kwa sababu ilikuwa fasheni ya wasichana wa mtaa huu. Nimekufa?"

"Mama! Nikaha yangu hiyo!"

"Basi usipige kelele, majirani watasikia."

Jirani alikuwa amekwisha sikia. Washiela alisimama mlangoni na sahani tupu ya Jumapili iliyopita. Kazi yake ni kusafisha meno ya wagonjwa katika kliniki ya meno. Aliweka sahani, akanawa mikono, akamtazama Ilhaam mdomoni.

"Kabla ya kuvaa hivyo vifuniko ulipigwa eksirei?"

"Hapana, Anti."

"Nani alikagua fizi zako?"

"Niliwatumia wenye vifuniko picha za simu. Nilipowaambia naumia na natoka damu, walijibu ni kawaida, niendelee."

"Na wewe ukaendelea?"

Ilhaam aliinamisha kichwa. "Nikaongeza mwendo. Nilikuwa nabadilisha kifuniko kabla ya muda wake, ili nimalize kabla ya nikaha."

"Yaani unayakimbiza meno kama yamechelewa treni!" Washiela alisema, lakini hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Kuuma kidogo unapovaa kifuniko kipya, sawa. Damu, uvimbe na jino kulegea namna hii, hapana. Jino limeshikwa na mfupa ulio chini ya ufizi. Kifuniko kinalisukuma, na mfupa unahitaji muda wa kujijenga tena. Ufizi ukiwa mgonjwa, mfupa unaliwa. Na wewe bado unasukuma! Picha ya simu haiuoni mfupa."

"Litapona?" Mymoena aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Daktari ndiye atajua. Usivivae tena, Ilhaam, ila uje navyo. Wala msing'oe kitu. Kesho asubuhi twende wote."

Kesho yake, kwenye kliniki ya Washiela, Daktari Petersen alimpiga Ilhaam eksirei. Mymoena alikaa pembeni, roho juu. Alijilaumu kwa kile kioo alichokishika kwa furaha.

"Mfupa umepungua, lakini haujaisha," daktari alisema. "Ilhaam alikuwa na ugonjwa wa fizi hata kabla ya vifuniko. Ulipaswa kutibiwa kwanza. Tutaanza sasa."

Alimsafisha ukoga uliojificha chini ya fizi. Jino lililolegea akalifunga kwa waya mwembamba kwa nyuma, lishikane na wenzake lipumzike. Akamwonyesha jinsi ya kupiga mswaki taratibu, na kupitisha uzi kati ya meno.

Ilhaam aliolewa waya ukiwa bado mdomoni. Katika picha zote za harusi anacheka, na waya hauonekani.

Miezi ilipita. Ilhaam alihudhuria kliniki bila kukosa, na damu ilikoma. Siku moja daktari alifungua waya, akalisukuma jino kwa kidole. Halikutikisika.

"Limeshika," alisema. "Ukitaka, sasa tunaweza kumalizia kuyanyoosha. Vifuniko ni vya plastiki vilevile. Ila safari hii nitakuwa nakagua fizi na mfupa, na nikiona shida nitasimamisha."

"Nataka, daktari. Na sitayakimbiza."

Mymoena alishusha pumzi ndefu, kisha machozi yakamtoka. Ilhaam alishtuka, akamshika mkono.

"Mama, si limepona?"

"Limepona, alhamdulillah. Nimefurahi mno." Mymoena alijifuta macho. "Meno yangu mimi yalikuwa mazima kabisa, Ilhaam, na hakuna mtu aliyeniambia niyaache."