Simu Tano za Jumanne

Odessa Pruitt alimwona Kendrell Batiste Jumamosi moja asubuhi ya Agosti, duka la donati alimofanya kazi likiwa limefurika hadi mlangoni. Lilikuwa pande la mtu, fulana ya mazoezi yenye nembo ya timu ya mji imembana mabegani, na bado aliagiza dazeni sita kwa upole wa mtoto aliyetumwa.

"Zote zako, kaka?"

"Za wakongwe, dada. Sisi wa mwaka wa kwanza ndio tunaowalisha."

"Milionea mzima unatumwa donati?"

Kendrell akacheka, akamweleza huku foleni ikinung'unika. Alikuwa akijaribu bahati yake katika timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, ya hapo Cincinnati, na kambini walimpa posho tu. Mshahara wenyewe ungeanza Septemba, tena kwa vipande kumi na nane, kimoja kila wiki ya ligi. Ukitimuliwa wiki ya tatu, unaondoka na ulichokwisha kulipwa, basi. Odessa, aliyezoea wanaume wa kujitapa, alijikuta amempenda huyu asiyeficha umaskini wake.

Kendrell akawa mtu wa pale kila Jumamosi, na katikati ya wiki simu zao hazikwisha. Alimwita Sukari kwa sababu ya ule unga mweupe wa sukari usiobanduka kwenye kilemba chake cha njano. Jumamosi ya mwisho ya kambi hakutania.

"Sukari, Jumanne wanapunguza watu. Nikiachwa narudi Louisiana kwa mama. Utakuja nami?"

Odessa aliomba muda. Maisha yake yote yalikuwa katika mji huu.

Jumanne asubuhi, akikoroga sukari ya kupaka donati, jibu likamjia lenyewe: angekwenda, hata kama jamaa angeondoka mikono mitupu. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye karai la mafuta siku iliyotangulia, kwa hiyo akatumia ya dukani, namba ya Kendrell akiijua kwa kichwa. Alipiga mara tano. Kila mara iliita mpaka ikakatika. Saa kumi jioni, muda wa timu kupunguza watu ukiwa umekwisha, alivua aproni, akaingia chooni na kulia kimyakimya. Ama ameondoka bila kuaga, alijiambia, ama amepata kazi na muuza donati hana maana tena.

Jumatano asubuhi Kendrell aliingia dukani, macho mekundu, begi la safari mkononi. Odessa akamwambia aende zake kwa amani, asijisumbue kueleza, maana mtu aliyepigiwa mara tano asipokee ameshajibu.

Begi likamtoka mkononi.

"Mara tano? Ni wewe?"

"Kwa simu ya dukani. Ulidhani nani?"

Kendrell akaketi juu ya ndoo ya sukari, akacheka huku machozi yakimtoka. Siku ya kupunguza watu hakuna mchezaji anayepokea namba asiyoijua ya mji ule, kwa maana ndiyo inayokwambia uje kwa kocha urudishe kitabu chako cha mbinu za timu, yaani umeachwa. Yeye aliifunika simu kwa mto kule hotelini, akafunga begi.

"Leo asubuhi nimepeleka kitabu mwenyewe. Kocha akaniuliza nani kanifukuza, na donati ziko wapi. Hawakunipigia hata mara moja, Sukari. Namshukuru Mungu, nimebaki." Akafuta uso. "Ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba nakuja. Louisiana, popote."

Kendrell aliinuka kutoka kwenye ndoo. Kisha, mbele ya foleni nzima, akaushika mkono wake wenye unga.

"Nataka kukuoa. Ila nina uhakika wa wiki moja tu, ndivyo tunavyolipwa. Siwezi kukudanganya kwamba nina zaidi."

Odessa alimtazama, moyo umejaa shukrani kwa mtu aliyeahidi kile tu alichonacho.

"Wiki hii nimekubali," akasema. "Jumanne ijayo niulize tena."

Jumanne iliyofuata simu ya dukani ililia. Odessa aliipokea kabla haijalia mara ya pili.