Waniteka, Fundi

"...umezama tena, wallahi, katikati umeingia ndani kama kaburi la kale!"

Ruqaiya aliutua mkate wa jana juu ya kaunta ya fundi, mbele ya watu chungu nzima waliokuja kuchaji simu kwa sola yake, maana stima ilipotea mtaani tangu alfajiri. Mvua kisiwani Amu siku ya nne hiyo. Buibui limemlowa mpaka magotini, na mashine ya mkate kaifunga kwa leso kama mtoto mgonjwa. Alitumiwa na dadake aliye Jidda baada ya mama yao kufariki. Tangu arubaini, baba yao, Bwana Badawi, hagusi chakula ila mkate moto na chai ya rangi. Mkate ukizama, mzee hali.

Fundi ni Mugambi, kijana wa Meru, shati la samawati, bisibisi nyuma ya sikio. Akaubonyeza mkate kwa kidole.

"Maji unatia ya moto?"

"Vuguvugu."

"Hamira unaweka wapi?"

"Dirishani."

"Basi unyevu umeshaiua. Na mfuniko, unaufungua ikipika?"

Ruqaiya akakaza fundo la leso.

"Unaufungua."

"Nachungulia tu."

Mugambi akacheka, mwanya wote nje. Uso wa Ruqaiya ukashika moto.

"Waniteka," akamwambia chini kwa chini, akabeba mashine yake.

Sasa hapo, mwenzangu, sikiza. Kwa Waamu kuteka ni kucheka, na hiyo t ina mahali pake ulimini. Ruqaiya alisema: unanicheka. Mugambi wa watu, na Kiswahili chake cha shule, alisikia kamteka moyo msichana mzima, mchana kweupe.

Kesho yake akapiga simu. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hamira mpya, iko kwenye friji. Mfuniko siugusi."

"Na mkono ukiwasha?"

"Naukalia."

Wiki tatu ikawa ni simu tu. Mkate ukaumuka, mzee akala vipande viwili, akaulizia cha tatu. Ruqaiya akaanza kumwita "fundi wangu", akaanza kutia wanja kwa ajili ya simu, kana kwamba simu ina macho. Mpaka siku Mugambi alipomwambia, sauti imelegea, "Ile siku uliponiambia nimekuteka, sikulala."

Ruqaiya akaangua kicheko. Akamweleza maana.

"Kwa hivyo wiki tatu nimekuwa nikijidanganya," Mugambi akasema.

"Sikusema hivyo..."

Simu ikakatika. Haikulia tena siku nane. Akipiga yeye, haipokelewi.

Ruqaiya akarudia ugonjwa wake: kila dakika kumi anafunua mfuniko, anachungulia unga, machozi yanadondokea humo humo. Mkate ukazama. Mzee akausogeza pembeni. "Leo sina njaa, mwanangu," akasema, na jana yake alisema hivyo hivyo. Kisha binamu yake Zahra akaleta habari: fundi amekubali kazi ya kufunga sola huko Mtangawanda, mwaka mzima, anaondoka Jumatano.

Jumatano Ruqaiya akaibeba mashine mpaka dukani. Begi la Mugambi lilikuwa mlangoni.

"Ina nini leo?" Hakuinua macho.

"Haina kitu. Mbovu ni mimi."

"Bi Ruqaiya, boti yangu ni saa sita."

"Sasa nishakuwa Bi." Akaitua mashine. "Haya, sikia tena. Waniteka."

"Mimi sikucheki."

"Naona. Leo huteki hata kidogo. Basi ni kwa maana yako ile."

Mugambi akaishika kaunta kwa mikono miwili. Nje mvua ilipiga mabati.

"Na babako?" akauliza. "Mimi ni mtu wa kanisa, Ruqaiya. Unajua atasema nini."

"Najua." Wanja ulikuwa ushamshuka mashavuni. "Lakini hajasema bado."

"Na akisema?"

"Mashine hupika kwa muda wa saa tatu, na mfuniko haufunguliwi. Alinifunza nani?" Akamsogezea begi lake kwa mguu, taratibu. "Nenda, boti isikuache. Asubuhi nampikia mkate. Akila, nitamwambia. Asipokula, nitamwambia vile vile. Wewe simu yangu ipokee tu, na alivyosema yote nitakwambia kesho."