Unaweza Kuanza Lini?

Jioni ile nilitoka uani kuanua blauzi nyeupe ya mjukuu wangu. Blauzi ya usaili. Makwapa bado yalikuwa na unyevu, na mkaa nilishautia kwenye pasi. Giza lilikuwa linaanza kushika kona za ua.

Mjukuu wangu namwita Bosi. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, na tangu waanze kufundishwa namna ya kutafuta kazi, nyumba yangu haina amani. Anatembea chumbani na viatu vya kuazima, ko, ko, ko, anapeana mkono na kitasa cha mlango. Mwalimu wao kawaambia wajizoeze kwa sauti, wakae wima, na wakiulizwa wanaweza kuanza lini wasijiumeume. Waseme, "Hata leo."

"Hata leo, na vyombo vya mchana viko pale pale?" nilimuuliza.

"Bibi, hiyo si kazi."

"Ni nini, mke mwenzangu? Sherehe?"

Siku hiyo alikuwa kaleta kiti. Kiti cha ofisini, cha kuzunguka, ngozi nyeusi, sponji nene. Kilikuwa kimetupwa nyuma ya jengo moja lililofungwa karibu na chuo. Alisema shoga yake atakuja akikalie, ajifanye mwajiri, na yeye akae kwenye stuli. Ukikikalia, sponji inapumua. Fyuuu... Mimi nilikikalia mara moja nikainuka. Kilikuwa na joto, kama kuna mtu ametoka kuinuka hapo sasa hivi.

Nikasema ni jua.

Basi niko uani, kibanio cha nguo mdomoni, nikasikia ndani.

Fyuuu...

Nikajua shoga mtu kafika, kapitia mlango wa mbele bila hata kunisalimia.

"Jieleze," sauti ikasema. Nzito, ya polepole, kama ya mtu anayeongea na leso mdomoni. Nikacheka peke yangu. Msichana anajua kuigiza huyu.

Bosi akajieleza. Shule, chuo, masomo.

"Unaishi na nani?"

"Na bibi yangu tu."

"Usiporudi nyumbani, nani atakutafuta?"

Kicheko kikaniisha. Swali gani hilo? Halafu harufu ikanifikia kutoka dirishani... Karatasi zilizoloa, na chini yake kitu kingine, kama panya aliyefia nyuma ya kabati.

Geti likalia.

"Shikamoo bibi. Samahani, nimechelewa."

Shoga yake. Amesimama mbele yangu, anahema, mkoba begani.

Kibanio kikanidondoka.

"Wewe si uko ndani?" nilinong'ona.

"Ndani wapi, bibi? Ndio nafika."

Na ndani, sauti ikauliza:

"Unaweza kuanza lini?"

Sikumbuki nilifikaje ndani. Nakumbuka nilikuwa na pasi mkononi, cheche zinaruka. Bosi amekaa kwenye stuli, mgongo wima, anatabasamu kama walivyofundishwa, macho hayapepesi. Mbele yake kiti cheusi.

Hakuna mtu.

Lakini sponji ilikuwa imebonyea. Na pale pa kuegemeza mikono, ngozi ilikuwa imekunjamana, kama inashikwa kwa nguvu.

Mdomo wa Bosi ukafunguka. "Ha..."

Nikamziba kwa kiganja. Mama yake nilishamzika. Huyu sikuwa nimepanga kumgawa.

"Huyu ana kazi!" nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi. "Nimemwajiri mimi! Kaanza zamani! Kuna vyombo pale vinamsubiri!"

Mlangoni, shoga yake analia bila sauti.

Kisha kiti kikazunguka. Taratibu... mpaka kikanielekea mimi.

"Na wewe," sauti ikanong'ona, "una uzoefu gani?"

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, mtaa mzima unaujua. Sijawahi kuulizwa kitu nikanyamaza. Daktari, mchungaji, polisi, wote nimewajibu.

"Wa kukushinda wewe," nikasema.

Lilinitoka tu.

Sponji ikajaa polepole, kama mtu anainuka kwa raha, amepata alichokijia.

Kiti tulikichoma pale uani jioni ile ile. Hakikunuka ngozi. Baadaye mlinzi wa lile jengo alimwambia Bosi kwamba kilikuwa cha bwana mmoja aliyekuwa akisaili watu. Walimkuta asubuhi amekikalia, mwili wa baridi, mdomo wazi. Katikati ya swali, alisema. Mengine hayajui, au hataki kuyajua.

Bosi mwenyewe hakumbuki kitu. Anasema alikuwa anamsubiri shoga yake akasinzia. Namwacha aamini hivyo. Alipata kazi, kazi ya kweli, yenye wakubwa wanaoonekana, na kila jioni anarudi amechoka na kulalamika. Namshukuru Mungu kwa kila lalamiko.

Ila mimi niliitikia usaili. Na usaili una swali la mwisho.

Godoro langu nalo ni la sponji. Jua likizama, kabla Bosi hajarudi, nikijinyoosha kidogo, upande wa miguuni unabonyea. Fyuuu... Harufu ya karatasi zilizoloa. Halafu naulizwa, kwa adabu kabisa, kama jana.

Mimi, niliyewajibu polisi, navuta shuka mdomoni naling'ata.

Shuka lenyewe limeshaanza kutoboka.