Taa ya Kwa Wifi

Mmeshaanza tena. Umeme ukikatika kidogo tu mnanizunguka kama vifaranga: "Bibi, tusimulie ile ya taa." Ya taa, ya taa! Mkishaisikia hamwezi kwenda kuoga peke yenu, usumbufu unanirudia mimi. Haya, kaeni. Na asinishike mtu nguo.

Palikuwa na mshonaji, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Ulimi wake ulichoma mpaka wateja wakambandika jina Sindano. Aliishi nyumba moja na kaka yake: upande huu Sindano na mama yao, upande ule kaka na mkewe. Mama macho yalishafifia, lakini kila jioni aliketi kando ya cherehani ya binti yake, akifumua pindo na kusengenya watu. Sindano hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama, basi.

Siku moja wifi yake akamleta fundi umeme. Taa ndefu za tyubu za upande wake zilikuwa zimechoka, zinapepesa na kuvuma kama nyuki ndani ya kopo. Fundi akazishusha, akang'oa na stata zake, vile vidude vya mviringo vinavyoiamsha tyubu, akafunga za LED. Wifi akabonyeza swichi. Zikawaka papo hapo, bila kupepesa hata mara moja.

"Jamani, mkwe wangu," mama akasema, "hapa naona hata kucha zangu!"

Jioni ile mama akabeba kigoda chake, akavuka kwenda upande wa pili. Na kesho yake. Na keshokutwa.

"Wifi, njoo ushonee huku," mke wa kaka akaita. "Taa ni ya wote."

"Niache na giza langu," Sindano akajibu. "Giza haliringi."

Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulikuwa unaungua. Aliwasikia ukutani wanavyocheka. Mama hakuwahi kucheka vile kwake. Alishindwa kununua taa kama ile? Hakushindwa. Lakini mwenye wivu hataki taa, anataka ya mwenzake izime.

Zile tyubu kuukuu ziliegemezwa nyuma ya nyumba, zikimngoja mwanamke mnunua vyuma chakavu. Sindano akamkuta amesimama anazitazama, hazigusi.

"Hiyo siichukui," mwanamke akanong'ona, akainyooshea moja kidole. "Bado ina watu."

"Watu gani?"

"Iliowamulika. Ukiitundika na stata yake, ukamtaja mtu, anakuja. Lakini dada, sikiliza kwanza..."

Sindano alishageuka, tyubu kwapani, stata mkononi.

Akaifunga kwenye boriti kwa uzi wa cherehani. Hakuna waya. Akapachika stata. Akamtaja mama yake.

Kimya.

Jua lilipozama umeme ukakatika mtaa mzima. Kwa wifi giza. Kwa Sindano giza. Halafu boriti ikavuma. Polepole. Kama nyuki. Tyubu ikapepesa, ikawaka, nyeupe ya baridi. Sindano akaona cherehani haina kivuli. Akatazama ukutani. Na yeye hana.

Kigoda kikakwaruza sakafu. Mama akaingia, macho wazi, hapapasi ukuta. Akaketi. Akacheka kile kicheko.

Sindano akapiga magoti mbele yake. "Mama. Umerudi."

Mama akamshika shavu. "Mkwe wangu, wewe kweli una bahati. Mtaa mzima giza, kwako kunawaka." Kisha akashusha sauti. "Binti yangu yuko wapi?"

"Mama, ni mimi."

"Nyamaza, usimwigize! Akisikia je? Unajua alivyo na wivu."

Ndipo Sindano alipojua kwa nini ilimpasa angoje maneno ya yule mnunua vyuma yaishe. Taa ile tangu ifungwe ilimmulika wifi. Haikumjua mwenyeji mwingine. Yeyote aliyesimama chini yake, ilimfanya wifi.

Akachukua mkasi wa kukatia vitambaa, akaipiga. Ikapasuka. Vioo vikaanguka. Mwanga haukuanguka. Ukabaki hewani, mrefu vilevile, mpaka umeme uliporudi.

Kaka alipaka rangi. Kaka akabadilisha na boriti. Fundi umeme aliitwa, akapapasa, akashuka kwenye ngazi mbio. Koleo aliyoiacha juu hakuirudia mpaka leo. Mtaa ukiwa gizani, mstari mwembamba mweupe unaonekana pale juu. Nimeuona kwa macho yangu, na sikuwa na haja ya kuuona mara ya pili.

Mama aliishi miaka mingine mingi, macho yake mazima kuliko yangu. Alimtambua kaka, aliwatambua wajukuu, mimi alinitambua kwa kikohozi tu. Lakini tangu usiku ule, Sindano akiingia, alisogea kumpisha: "Karibu, mkwe." Wifi wa kweli alilia, akamwapia kwamba huyu ndiye mwanawe. Mama akawa anatabasamu tu, kama mtu anayetaniwa.

Siku ya kukata roho, mkono wake ulikuwa ndani ya mikono ya Sindano.

"Mkwe wangu," mama akanong'ona, "kamwite binti yangu. Mwambie namngoja yeye tu."

Sindano akainuka. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama pale kidogo, akarudi, akaushika tena ule mkono.

"Anakuja, mama," akasema.