Mikono ya Mama Lukresia

Kwa nini Mama Lukresia, anayeufahamu mfongo kuliko mtu yeyote kijijini kwetu Mwika, hufunga mikono yake nyuma kila afikapo kwenye maji? Nilijiuliza swali hilo kila Jumamosi asubuhi, na sikupata jibu.

Mfongo ni mfereji wa asili. Mababu zetu waliuchimba kutoka mtoni, ukapita ubavuni mwa mlima hadi kwenye migomba na kahawa yetu. Mama Lukresia ndiye msimamizi wake. Hulijua kila tundu la fuko linalovujisha maji, na kwa kusikiliza tu hutambua kwamba huko juu majani yamekwama. Mwaka jana aliiomba kamati ya mfongo iwape wanafunzi zamu yao wenyewe, Jumamosi kuanzia alfajiri hadi saa nne. Maji hayo yangejaza bwawa dogo la shule, nasi tungeyatumia juma zima kumwagilia miche mia tatu ya kahawa iliyokuwa kwenye viriba. Masika yakianza, kila mwanafunzi wa darasa la sita angepeleka miche yake nyumbani.

Kamati ilikubali shingo upande. Mwenyekiti, Mzee Elimringi, alisema, "Wakikosea mara mbili, zamu inarudi kwa wakubwa."

Mama Lukresia alinichagua mimi, Anyesi, kuwa kiongozi wa kikundi.

Nilijifunza upesi. Ili maji yaingie kwenye mfereji wa shule, ni lazima kuuziba mfongo mkubwa pale unapogawanyika. Huwekwa mawe kwanza, kisha magome ya mgomba, na mwisho mabonge ya udongo yenye nyasi. Upande wa nyasi huelekezwa kule maji yanakotoka, ili udongo usichukuliwe. Nilifanya hayo yote kwa mikono yangu. Wenzangu niliwatuma.

"Kindness, ongeza mawe. Rodney, kaa kando, unavujisha."

"Sawa, mangi," Rodney alijibu, akiniita kwa cheo cha watawala wetu wa zamani. "Nikae kando hapa hapa, au nirudi nyumbani kabisa?"

Kindness alicheka hadi jiwe likamponyoka. Nilimpokonya Rodney jembe, nikamalizia mwenyewe. Maji yalipogeuka na kuingia kwenye mfereji wetu, nilimtazama Mama Lukresia nikitarajia sifa. Alikuwa amesimama ukingoni na viatu vyake vya mpira, mikono nyuma, kimya.

Mwezi wa pili, jua likiwa kali, dada yangu alipata kipaimara mjini Moshi. Tulilala kwa shangazi, huko mtaa wa Rau, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Nilipoondoka nilimwambia Rodney, "Kesho zibeni kama ninavyoziba." Niliona nimemaliza wajibu wangu.

Jumapili jioni niliporudi, Kindness alikuwa akinisubiri kwenye njia ya kwetu. Rodney alikuwa pamoja naye, uso umemnyong'onyea.

"Anyesi, maji hayakuingia," Kindness alisema. "Tuliziba mara tatu, yakabomoa mara tatu. Mama Lukresia alikuwa huko juu kwenye banio, maji yanapochepushwa kutoka mtoni, wakilitengeneza na wakubwa. Saa nne ikafika."

"Na miche?"

"Tumebeba maji kichwani kutoka mtoni tangu jana. Arobaini imekauka."

Nilihisi hasira ikinipanda. "Mlianza na nini?"

"Udongo," Rodney alisema.

"Udongo? Si mmeniona wiki zote hizi nikianza na mawe?"

Rodney alinitazama machoni. "Tumeuona mgongo wako. Wewe huinama pale, sisi tunauona mgongo. Kila nikisogea unaniambia nikae kando. Haya, nilikaa kando. Sasa unataka niwe nimejifunza nini?"



Kesho yake, baada ya masomo, nilikwenda kwa Mama Lukresia. Nilimkuta akimkatia ng'ombe majani ya mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Anyesi. Habari za kipaimara?"

"Nzuri, mama. Lakini zamu yetu imebakiza kosa moja tu. Naomba uniondolee uongozi. Mpe mtu mwingine."

Aliliweka panga chini, akanionyesha kigoda nikae. "Nikimpa mwingine, atafanya nini tofauti na wewe?"

"Sijui, mama."

"Basi nieleze kwanza. Unadhani nilikupa kazi gani?"

"Kuziba maji."

"Kuziba maji naweza mwenyewe, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Mimi nilikupa watu." Aliinyoosha mikono yake mbele yangu, migumu na yenye nyufa. "Unaiona hii? Ina haraka sana. Mtu akiweka jiwe vibaya, inataka kumpokonya. Kwa hiyo naifunga nyuma, ili yeye apate nafasi ya kukosea na kurekebisha. Wewe ulijifunza upesi kwa sababu sikukugusa."

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona aibu.

"Ila nami nilikosea," aliendelea. "Niliifunga mikono, nikafunga na mdomo. Ilinipasa kukwambia mapema. Sikiliza, binti yangu. Kiongozi akisafiri na kazi ikasafiri naye, huyo hajaongoza bado. Amefanya kazi tu. Ujuzi wako uwe kwa wenzako pia, ndipo mfongo utakuwa salama. Hata mimi sitaishi milele."

Jumamosi iliyofuata tulifika mfongoni kabla ya jua. Mzee Elimringi alikuwepo, amejifunika koti kwa ajili ya baridi. Nilimpa Rodney jembe mbele ya wote.

"Nisamehe," nilimwambia. "Leo ziba wewe. Mimi nitakuelekeza, sitakugusa."

"Na nikivujisha, mangi?"

"Utaziba tena."

Alivujisha kweli. Jiwe la kwanza alilipanga ovyo, na maji yakapita chini yake. Vidole viliniwasha. Niliikamata mikono yangu mgongoni, nikauliza, "Maji yanapita wapi?" Rodney aliinama, akapapasa, akaliona tundu. Alipofika kwenye mabonge ya nyasi, aliligeuza moja, akasita, kisha akaligeuza tena mwenyewe, nyasi zikaelekea mlimani. Ilichukua muda mara mbili ya wangu. Lakini maji yalipanda polepole, yakageuka, yakaanza kuteremka kuelekea shuleni. Kindness aliyakimbilia kuyaondolea majani njiani. Ilipofika saa nne, bwawa lilikuwa limejaa.

Mzee Elimringi alikibonyeza kizuizi kwa fimbo yake. Hakikutikisika.

"Nani ameziba leo?"

"Rodney, mzee," nilisema.

"Na Jumamosi ijayo?"

Nilimtazama Mama Lukresia. Alikuwa ameifunga mikono yake nyuma kama kawaida, akisubiri jibu langu pamoja na wengine.

"Jumamosi ijayo ataziba Kindness," nilisema. "Rodney atasimama nyuma yake amwelekeze. Mimi nitabeba mawe."