Kitanda cha Paka Kutoka Marani

Ilianza Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi mwaka 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Kemuma alikuwa akipiga msasa wa mwisho aliposikia harufu ya vumbi lililopata moto, harufu ya televisheni iliyowaka kutwa. Lakini televisheni yenyewe haikuwa na kitu. Kioo, nyaya na spika alikuwa amevitoa kwa bisibisi siku ya Jumatano. Lililobaki ni kasha la mbao lenye miguu minne, milango miwili midogo mbele, na mto wa sponji alioushona mwenyewe. Akaingiza mkono ndani. Mbao zilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

Alijiambia ni jua. Jua halikuwepo, mvua ilikuwa ikiyapiga mabati ya nyumba yao, nyuma ya soko la Daraja Mbili, tangu saa nane.

Baada ya kumaliza chuo na kukosa kazi, Kemuma alikuwa akigeuza televisheni za zamani kuwa vitanda vya paka na vya mbwa wadogo. Hii alipewa bure na mjane mmoja wa Marani, ambaye marehemu mumewe aliileta kutoka Mombasa. Mjane alimsaidia kuibeba hadi barabarani, kisha akanawa mikono mara mbili.

"Sabato inaingia saa kumi na mbili na hamsini na tatu!" Persis, mama yake, aliita kutoka jikoni, saa yenyewe ikikaribia. Kalenda ya kanisa ilikuwa ukutani, na dakika zake katika nyumba hiyo zilikuwa sheria. "Sitaki kuona nyundo hapo."

"Nampima Omena tu, Mama. Namaliza."

Omena, aliyepewa jina la dagaa, alikuwa paka wa mteja, Apiyo, muuza dawa mjini, aliyemwacha pale hadi Jumapili ili kitanda kilingane na mwili wake. Nyakerario, binti wa Kemuma wa miaka minne, akamsukuma paka ndani huku akicheka. Milango ikajifunga. Hakuna aliyeigusa.

Kemuma akavuta mpaka ukucha ukang'oka. Alipoinua bisibisi, Persis aliushika mkono wake.

"Dakika mbili zimeshapita."

"Mama, hata ng'ombe akitumbukia kisimani hutolewa siku ya Sabato. Imeandikwa."

"Imeandikwa ng'ombe. Kuvua omena ni kazi. Weka chini."

Paka alilia mpaka asubuhi. Waliporudi kutoka kanisani Jumamosi alikuwa amenyamaza, na ndani ya kasha mwanamume alikuwa akiimba kwa mdomo uliofumbwa, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Persis alisimama mlangoni, Biblia kifuani.

"Redio ya jirani," akasema, bila kumtazama bintiye.

Mchana, Kemuma akinawa mikono nje baada ya kula, Nyakerario aliinama mbele ya kasha na kuweka mdomo kwenye ufa wa milango ili aongee na Omena. Kemuma alipoingia, mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, kimya, akitazama nzi. Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani ya kasha.

"Mama, nifungulie. Kuna giza."

Ilikuwa sauti ya Nyakerario. Kemuma alimtazama mtoto kwenye mkeka. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

"Usijibu," Persis alinong'ona. "Mtoto si huyu hapa? Hilo ni pepo."

"Mama, kuna mtu hapa ndani. Ananishika mguu. Nyanya! Magokoro, mwambie Mama anifungulie."

Kemuma alipiga magoti. "Kiatu chako cha kanisani kiko wapi?"

"Nimeficha. Kwa debe la wimbi."

Akaenda jikoni. Kiatu kilikuwamo, kimezama ndani ya wimbi.

"Shetani anajua hata Maandiko," Persis alisema, "atashindwa na kiatu? Ngoja jua lizame, Kemuma. Usimfungulie siku ya Bwana."

Naye akangoja, kwa sababu mtoto alikuwa pale mbele yake, mzima, anapumua, na kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kuivunja Sabato hata kwa dakika moja. Akangoja saa kumi, akangoja saa kumi na moja, simu mkononi, huku sauti ikiomba, kisha ikilia, kisha ikitaja majina ya wote waliomo nyumbani mmoja mmoja, na yule mwanamume akiimba juu yake, karibu zaidi na karibu zaidi, hata mtu asingeweza kusema wimbo unaishia wapi na kilio kinaanzia wapi. Saa kumi na mbili na dakika hamsini, vyote vikakoma.

Dakika ya hamsini na tatu alivuta. Milango ikafunguka kwa kidole kimoja.

Omena alitoka akitetemeka. Hakukimbia. Alipanda mapajani mwa Kemuma, akaficha uso shingoni mwake pale ambapo Nyakerario huficha wake anapoogopa radi, akafungua mdomo aseme, na kikatoka kilio cha paka. Kwenye mkeka, mtoto alikuwa akilamba mgongo wa mkono wake na kujifuta nao sikio.

"Woi," alisema Persis, akaketi sakafuni.

Ndani ya kasha tupu, mtu alicheka taratibu.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa moja, Kemuma alikata kipande cha shina la mgomba, akakifunga kwa kitambaa, akakizika nyuma ya nyumba. Apiyo alipofika alimwonyesha kaburi.

"Alikufa Ijumaa. Nisamehe, dadangu."

Apiyo alilia. Kisha akainua kichwa. "Mbona nasikia paka?"

"Ni mtoto. Anacheza."

Nyakerario alitoka mlangoni kwa mikono na magoti, akavuka matope moja kwa moja hadi kwa Apiyo, akajisugua kwenye miguu yake, macho ameyafumba kwa raha.

"Haki, huyu ananipenda," Apiyo alisema, akicheka na machozi.

Alipoondoka, mtoto alimfuata hadi kwenye ua akilia. Kemuma alimshika ukosi, akamrudisha ndani, akamwekea maziwa sakafuni na kutia komeo. Kisha akakoroga uji wa wimbi, akaupoza, akalala kifudifudi na kuanza kumlisha mwanawe kwa kijiko, chini ya kitanda alikokuwa amemficha tangu usiku.