Mabuti ya Mgeni

Siku ile mjinga alikuwa Idder, na mwenyewe hakatai. Mwaka wa kumi na moja huo anawaongoza wageni kwenye milima ya Atlasi, na kila asubuhi ya safari huwapanga mstari awahutubie: usipande mlima na kiatu kipya. Ukihisi moto kisiginoni, simama hapohapo, usingoje malengelenge. Soksi ikilowa, badili. Hotuba tamu kweli. Wageni huiandika daftarini.

Kisha yeye huyohuyo, siku ya kufunguliwa malisho ya juu, akatia miguuni mabuti mapya aliyoachiwa na mgeni mmoja. Yalimbana vidole. Lakini bonde zima lingekuwa huko juu, na Idder alitaka yaonekane.

Malisho yale hufungwa tangu majani yanapoanza kuota. Hakanyagi kondoo hata mmoja mpaka siku iliyotangazwa. Siku hiyo anayetangulia ndiye anayechagua zizi, na jua likizama uchaguzi umekwisha. Dada yake Idder, Itto, mjane mwenye ulimi wa wembe, alilitaka zizi la chemchemi. Ukame ulikuwa umemmalizia nusu ya kundi. Arobaini waliobaki wasingestahimili kiangazi kingine cha kufuata maji kutwa.

Mvua ya mawe iliwakuta ndugu hao wawili na kundi katikati ya korongo. Maji ya matope yakashuka yakisukuma magogo. Itto akawapandisha kondoo mwambani kwa fimbo na matusi, yeye nyuma yao, Idder akiburuzika kwa magoti. Nyumbu wao wa mizigo, mwenye akili kuliko wote, akakata kamba akarudi nyumbani na mkate, na chai, na viatu vya zamani vya Idder.

"Maji yamebaki?" Itto akauliza.

"Nusu kiriba."

"Njia ya chini imekwenda na maji. Tupite upenyo wa juu. Tembea!"

Wakapanda. Idder alikuwa kimya, na Idder hanyamazi hata akilala. Baada ya saa nzima Itto akaona damu kwenye jiwe. Akadhani ni kondoo. Akaanza kukagua kwato, mmoja baada ya mwingine, huku jua likimkimbia. Alipofika kwa kondoo wa tisa akamtazama ndugu yake. Maji mekundu yalikuwa yakichuruzika kwenye matundu ya kamba za viatu.

"Vua."

"Tukifika, dada."

"Vua nimesema!"

Soksi ilitoka na ngozi. Kisigino kilikuwa nyama tupu, na vidole vimevimba kama zabibu.

"Imeanza lini?"

"Pale darajani."

"Darajani! Tangu alfajiri! Umefunga mdomo kutwa nzima?"

"Ningesemaje? Mimi ni kiongozi, Itto."

"Kiongozi wa nani? Kondoo wamekuacha nyuma!"

Akamwoshea miguu kwa maji ya kiriba. Akachomoa pini ya mtandio wake, akaipitisha kwenye moto wa kibiriti cha gesi cha Idder, akatoboa malengelenge ya vidole pembeni, yakatoka maji, ngozi akaiacha ifunike. Akamkamata kondoo jike, akamnyofoa manyoya ya shingoni, yale yenye mafuta, akayajaza katikati ya vidole na kuzunguka kisigino. Mtandio akauchana vipande, akafunga. Kila fundo alilikaza kwa hasira. Mwisho akachukua kisu akakata pua za mabuti, na nyuma pia.

"Itto! Hayo ni mabuti ya Ulaya!"

"Na miguu ni ya mama yetu. Nyamaza."

Idder akatazama jua. "Nenda na kondoo. Ukikimbia utaliwahi zizi. Mimi nitafika polepole."

Itto naye akalitazama jua, kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Upepo wa theluji ulikuwa umeanza kushuka, na mwanamume huyu alikuwa amelowa mpaka mifupani.

"Nikuache ugande, nije nikubebe kesho kama kuni?" Akamrushia fimbo yake. "Simama, mpumbavu wewe!"

Upenyo waliuvuka Idder akitambaa, Itto akimsukuma mgongoni, akimtukana hatua kwa hatua asisinzie. Walipotokea upande wa pili jua lilikuwa limezama. Moshi ulipanda kutoka zizi la chemchemi. Basso, jirani yao, alikuwa ameshalichagua na kuchinja. Lililobaki ni zizi la juu kabisa, kwenye upepo, mbali na maji.

Watu wakawapa chai. Basso akatazama vidole kumi vilivyochungulia nje ya mabuti, akauma mdomo asicheke.

"Ni mvua, jamani," Idder akawaambia wote. "Mvua ya mawe ile ingemchelewesha yeyote."

Itto akatua gilasi chini.

"Mvua hiyohiyo imewanyeshea kondoo arobaini, na kila mmoja amefika na miguu yake minne. Wewe umepewa miwili tu, imekushinda."